SOMO LA KIKUNDI: MBUZI TUNAMSHIKA, LAKINI KITU CHA SIMU JE?

Somo la leo limetokana na swali nililoulizwa na mama mmoja huko Mbeere.

Kikundi chao cha akina mama 14 kilichanga pesa ili kinunue mashine ya kuangulia vifaranga. Waliiona kwenye simu ya kijana wa mmoja wao. Picha ilikuwa nzuri na bei ilikuwa chini kuliko ile waliyosikia mjini. Muuzaji akawaambia watume pesa zote, ati mashine itafika kesho na matatu. Walituma shilingi 23,000. Kesho ikafika bila mashine, na keshokutwa simu ya muuzaji ikawa imezimwa.

Yule mama akaniambia, "Mwalimu, sisi si wajinga. Mbuzi tunanunua kila mara na hakuna mtu ametudanganya. Sasa hii ilitushinda wapi?"

Hilo ni swali zuri. Ili tulijibu, yafaa kwanza tuulize kwa nini watu huchagua kununua vitu fulani kwa simu, na vingine hawawezi kuvinunua bila kuviona.

1. VITU SI VYA AINA MOJA

Ukienda soko la Ishiara kununua mbuzi, unamshika mgongo, unamfungua mdomo uone meno, unatazama macho na kwato. Ukinunua maharagwe unachota kiganja, unauma punje uone kama imekauka. Anayenunua miraa au muguka anataka kuona jani lenyewe, maana likikaa siku chache limekwisha thamani. Vitu hivi mkono na jicho ndivyo hakimu. Ndiyo sababu hata kijana anayeshinda kwenye simu bado hununua nyanya sokoni.

Sasa chukua kitabu cha shule cha darasa fulani, cha mchapishaji fulani. Kikiwa halali, kile cha Nkubu na kile cha Nairobi ni kimoja. Hali kadhalika simu mpya ya aina inayojulikana, au spea ya pikipiki yenye nambari yake. Hapa jina au nambari inatosha kukueleza unachonunua. Vitu vya namna hii ndivyo watu hununua kwa simu kwa urahisi.

Kuna na aina ya tatu. Mwaka 1970, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Phillip Nelson, alieleza kwamba ubora wa vitu vingine unaweza kujulikana kabla ya kununua, na wa vingine hujulikana baada ya kuvitumia tu. Mashine ya vifaranga ni ya aina hii. Hata ukiiona kwa macho, mayai ya kuku huchukua siku 21. Mpaka siku hizo ziishe hujui kama umenunua mashine au sanduku. Mbegu ni vivyo hivyo: paketi ni nzuri, lakini ukweli utauona mvua ikinyesha.

2. SABABU ZA KUCHAGUA SIMU

Tusiwalaumu wanaonunua kwa simu. Wana sababu zao, na ni za maana.

(a) Kitu hakipatikani karibu. Mtu wa Kiritiri anayetafuta spea moja ndogo akienda Nairobi, nauli inaweza kushinda bei ya spea.

(b) Bei. Kwenye simu unalinganisha wauzaji wengi ukiwa umekaa jikoni. Katika kituo chenye duka moja, bei ni ile mwenye duka amesema.

(c) Kutoonekana. Hii hatupendi kuisema. Mama anayemtunza mzee aliyelala kitandani anahitaji nepi za watu wazima. Akizinunua dukani, kufikia jioni kijiji kizima kinajua. Kwa simu zinakuja zimefungwa.

(d) Muda. Mwalimu anayetoka shule saa kumi na moja hukuta maduka mengi ya mjini yakikaribia kufungwa.

Tena jambo lenyewe si geni. Mwaka 1872 huko Chicago, Aaron Montgomery Ward alianza kuwauzia wakulima kwa orodha ya bidhaa iliyotumwa kwa posta. Wakulima wale walikuwa na shida kama zetu: duka liko mbali na bei iko juu. Lakini waliogopa kununua wasichokiona. Mwaka 1875 Ward akatoa ahadi kwamba asiyeridhika atarudishiwa pesa.

Kwetu Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007, na hapo kulipa mtu wa mbali kukawa rahisi. Jumia ilianza kuuza nchini mwaka 2013, na Kilimall mwaka 2014. Copia nayo ilianza mwaka 2013 kwa njia ya mawakala: mteja wa kijijini aliagiza kupitia mtu wa hapo hapo, mara nyingi mwenye duka. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliwekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Hata hivyo njia yake ina funzo: mteja alikuwa na mtu anayemjua wa kumwuliza, "Mzigo wangu uko wapi?"

3. MLANGO WETU NDIO MLANGO WA MWIZI

Sasa tumjibu yule mama. Angalieni zile sababu tena, mtaona kila moja ni mlango ambao mwizi pia anaweza kupitia.

Kitu kisipopatikana karibu, huna cha kukilinganisha nacho. Ukitafuta bei ya chini, mwizi ataitaja ya chini kuliko wote, kwani yeye hana mali ya kununua. Ukinunua kwa siri, hutauliza mtu kabla, na ukiibiwa hutalia mbele ya watu.

Tena kwenye soko la mbuzi, mkono mmoja unatoa pesa na mwingine umeshika kamba. Akina mama wetu walitoa pesa bila kamba. Hapo ndipo iliwashinda, si kwamba hawana akili.

4. TUFANYE NINI?

- Kabla ya kuuliza bei, ulizeni: kitu hiki ni cha mkono, cha jina, au cha kujaribiwa? Cha kujaribiwa, mtafuteni kwanza mtu aliyekitumia, mkakione kikifanya kazi.
- Lipeni mzigo ukifika, mkiweza. Fungueni mbele ya aliyeuleta.
- Kabla ya kubonyeza "tuma", someni jina linalotokea. Likitofautiana na la muuzaji, simameni. Nambari ya biashara ni afadhali kuliko ya mtu binafsi, ingawa peke yake si hakikisho.
- Kwa mbegu, kwangueni kibandiko cha KEPHIS kilicho kwenye paketi, mtume nambari yake kwa 1393 mjue kama ni halali.
- Mkituma pesa kwa nambari isiyo sahihi kwa M-Pesa, pelekeni ujumbe ule kwa 456 mara moja. Mkiibiwa, nendeni polisi mpewe nambari ya OB. Msifute ujumbe wowote.
- Jueni haki yenu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inagusa pia mikataba ya intaneti.

Kile kikundi hakijapata pesa zake. Waliandikisha kesi, halafu wakaanza kuchanga upya, shilingi mia mia. Safari hii walitafuta fundi mjini Embu, wakamtembelea mteja wake mmoja, wakakaa mpaka wakaona vifaranga wakitoka kwenye mayai. Mashine waliyonunua ni ndogo kuliko ile ya picha. Lakini ipo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja kitu ulichonunua kwa simu mwaka huu. Ni sababu gani kati ya zile nne iliyokufanya usiende dukani?
2. Ni vitu gani ambavyo kikundi chetu hakipaswi kununua bila kuona? Viandikeni katika kitabu cha mikutano.
3. Kuna mtu hapa aliyewahi kuibiwa akanyamaza? Tungemsaidiaje aseme bila kuona aibu?
4. Nani katika kikundi atakuwa mtu wa kuulizwa kabla pesa hazijatumwa?

Tukutane toleo lijalo.