Usinunue Pawa Saplai kwa Kusoma Ubavuni

Bumu likiingia tu, swali ni lile lile: "Mwalimu, pawa saplai ya wati ngapi inafaa?" Mimi nasoma ualimu, fizikia na hisabati, wala siyo uhandisi. Ila nina bisibisi chumbani, basi imekuwa kesi. Jibu langu huwaudhi wengi: hizo wati zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa ubavuni ziache kwanza.

Pawa saplai ni lile boksi la chuma ndani ya kompyuta ya mezani, pale waya wa ukutani unapochomekwa. Linapokea umeme wa volti 230 na kutoa wa volti 12, 5 na 3.3. Walaji wakubwa, yaani prosesa na kadi ya grafiki, wanakula kwenye volti 12. Huko ndiko pa kuangalia.

Kila boksi lina lebo yenye kijedwali. Tafuta +12V, kisha soma ampea. Kumbuka fizikia ya sekondari: wati ni volti mara ampea. Tuseme ubavuni pameandikwa 500W, lakini kwenye +12V kuna ampea 18. Zidisha: 12 × 18 = 216. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi yako vitagawana, mengine ni mapambo. Ukikuta +12V1 na +12V2 usijumlishe haraka, maana mara nyingi kuna kikomo cha pamoja kilichoandikwa pembeni, na ni kidogo kuliko hiyo jumla. Lebo isiyo na jedwali kabisa? Rudisha boksi juu ya kaunta, uage vizuri.

Jamaa yangu wa ghorofa ya chini alichukua la "wati 600" kwa bei ya kutupa. Likafa wiki ya kukusanya utafiti, likaondoka na diski. Ndani ya diski kulikuwa na majibu ya walimu 40 aliowafuata shule kwa shule na madodoso yake. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba pawa saplai ni kitu cha mwisho kununua, kwa chenji iliyobaki.

Sasa, unahitaji kiasi gani? Core i5 nyingi za mezani zimeandikwa wati 65, ingawa za karibuni hupanda juu ya hapo zikibanwa kazi. Bodi mama, RAM, diski na feni vitengee 50 hivi. Kama kazi yako ni kuandika, SPSS na muvi, wati 300 za kweli zinakutosha na kubaki. Wenye kadi ndio wapige hesabu: GTX 1650 hula wati 75 hivi, RTX 3060 ni 170, na kwa hiyo ya pili Nvidia wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya 550.

Na wale mnaochangia LUKU, msigombane bure. Boksi la wati 550 halili 550 muda wote; linavuta kile kompyuta inachohitaji, pamoja na kinachopotea kama joto. Hapo ndipo alama ya 80 PLUS inapoingia: angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa hufika ndani. Kompyuta ikihitaji wati 200, ukutani zitavutwa kama 250. Kwa saa nne hiyo ni uniti moja.

Mashine za mtumba za ofisini zina ujanja wake. Dell, HP na Lenovo nyingi zina plagi na maumbo yao, siyo ile plagi ya kawaida ya pini 24. Fungua kasha, piga picha plagi zote, nenda nayo dukani. Lile boksi lenyewe usilifungue hata kama umeshachomoa waya, kapasita za ndani hubaki na chaji ya kukurusha.

Halafu geuza nyuma. Pawa saplai za zamani zina kiswichi kidogo, mara nyingi chekundu, kimeandikwa 115 na 230. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, kwa hiyo mashine iliyotoka huko inaweza kuwa bado iko kwenye 115. Ukiichomeka hivyo hivyo hosteli, utasikia "pwaa!" na chumba kizima kitanuka. Kisogeze kiende 230 kabla hujagusa soketi.