Shingo Nayo ni Mtaji: Kuchakaa kwa Pingili za Shingo kwa Mkulima Kijana

Leo funza wa vitumba tumwache kidogo, tuongelee shingo.

Pamba ikianza kuvunwa hapa Simiyu, kuanzia Mei kwenda mbele, nikipita Bariadi, Itilima hadi Maswa, maswali ninayopokea ni ya bei na mizani. Mtu akishamaliza hayo ndipo ananivuta pembeni: "Bwana shamba, shingo inakaza, na usiku mkono unakufa ganzi. Ni nini hii?" Na si wazee wanaouliza. Ni vijana wa miaka thelathini na kitu, wenye ekari kumi na vibarua wa kuwalipa. Mimi ni mtu wa mimea, kutibu ni kazi ya daktari. Ila mzigo unaochakaza shingo unatoka shambani, na hapo nina la kusema.

Shingo ina pingili 7. Karibu kila pingili na mwenzake kuna diski, yaani kimto chenye maji ndani kinachopokea uzito. Zifananishe na bushi za pikapu. Umri unavyokwenda diski hukauka na kuwa nyembamba, kama bushi zilizoliwa, na mifupa inaanza kusogeleana. Mwili nao unajaribu kujikarabati, unaotesha vinundu vya mfupa pembeni. Vinundu hivyo vinaweza kubana mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi, ndiyo maana shingo inaumwa lakini ganzi unaisikia kwenye vidole. Madaktari wanaita hali hii spondilosisi ya shingo.

Usiogope jina. Ukivuka miaka 40, eksirei inaweza kuonyesha kuchakaa huko hata kama huumwi popote. Picha peke yake si hukumu. Shida ni kuifikisha shingo huko mapema, na kuibana zaidi ikishafika.

Sasa tupige hesabu ya kilo, maana nyie ni watu wa biashara. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5. Ukiinama sana, ile ya kupalilia kwa jembe au kuangalia simu saa mbili kitandani, nguvu inayoiangukia shingo inaweza kufika kama kilo 27. Hapo hujabeba kitu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Gunia je? Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na bado lumbesa tunaziona. Lakini hiyo kilo 100 ni ya kumlinda muuzaji asipunjwe, haikupimwa kwa shingo ya mtu. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mwanamume mzima kubeba kwa mikono. Mwanamke na kijana mdogo wabebe pungufu ya hapo kwa kiasi kikubwa.

Nchini Ghana, miaka ya 1990, watafiti walilinganisha eksirei za shingo za watu wanaobeba mizigo kichwani na za wasiobeba. Wabebaji walikutwa na kuchakaa zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Na ile kata ya khanga tunayoviringisha kichwani inasaidia ngozi isiumie na mzigo usiyumbe. Uzito unaoshuka kwenye pingili uko palepale.

Kwa hiyo, kitu cha kwanza cha kubadilisha ni usafiri wa mzigo. Pamba kutoka shambani hadi AMCOS ipande mkokoteni wa ng'ombe au punda. Kama huna, changeni majirani wanne mkodi mmoja kwa siku. Linganisha gharama hiyo na siku tano za kulala ndani wakati vibarua wanakusubiri, utaona ipi ni nafuu. Maji ya kupulizia yabebwe kwa toroli. Gunia jaza nusu, au libebeni wawili.

Bomba la kupulizia la mgongoni, lile la lita 16, likijaa pamoja na uzito wake linakaribia kilo 20. Wengi wanalinyanyua kutoka chini kwa kulitupia bega moja, halafu shingo inakwenda upande. Liweke kwanza juu ya meza au kichuguu cha usawa wa kiuno, vaa mikanda yote miwili, ibane iwe sawa. Ukiweza, lijaze nusu. Mfuko wa kuchumia pamba ufunge kiunoni, usiutundike shingoni. Na palizi, jamani, kama umepanda kwa mistari iliyonyooka, palizi la ng'ombe lipo, kwa nini ukeshe umeinama?

Kuna jambo linanikera. Kinyozi akimaliza kunyoa anashika kichwa chako na kukizungusha mpaka shingo ilie "kaa!", na wewe unamlipa. Mwenye pingili zilizochakaa anaweza kuumizwa vibaya hapo. Mwambie aache.

Shingo ikishaanza kuuma, kulala tu hakusaidii, na kola ya shingoni ukiizoea misuli inalegea. Endelea na kazi nyepesi. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele huku mkono ukizuia kisisogee, hesabu mpaka tano, rudia mara kumi. Fanya hivyo hivyo kisogoni na pembeni. Zoezi likileta ganzi, acha. Dawa kama diklofenaki zinatuliza, lakini kuzimeza kila siku kwa kununua dukani kunaharibu tumbo na figo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji.

Sasa zile dalili ambazo si za kusubiri mauzo ya pamba: miguu kuwa mizito au kuyumba, vidole kushindwa kufunga kifungo cha shati, mkono kuzidi kukosa nguvu, mkojo au choo kukushinda. Hapo unaobanwa ni uti wenyewe wa fahamu, na ukichelewa nguvu inaweza isirudi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikibidi watakupa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Shingo kukakamaa pamoja na homa kali nayo ni dharura, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Na ukitoka kupulizia ukapata kizunguzungu, jasho jingi, macho kuona ukungu na misuli kuchezacheza, usisingizie shingo. Hiyo inaweza kuwa sumu ya dawa. Vua nguo, oga kwa sabuni, wahi kituo cha afya na ubebe kibandiko cha chupa.

Ukifika kwa daktari usiseme tu "shingo inauma". Mwambie ganzi inaishia kidole gani, imeanza lini, unabeba kilo ngapi kwa siku na unabebaje, na kama uliwahi kuanguka na pikipiki. Muulize pia kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia, akufundishe mazoezi yanayofaa shingo yako kabla hujarudi shambani.