Mkasi wa Nguo: Kuutunza na Kuulinda Nyumbani

Mkasi wa kukatia nguo ni kifaa kisichojua siku ya mapumziko. Asubuhi mwenyewe anaukatia kitambaa. Mchana mtoto anauchukua kukatia karatasi za kazi ya shule. Jioni unaitwa jikoni kufungua paketi ya maziwa au kukata mapezi ya samaki. Usiku unarudishwa kwenye droo ya cherehani ukiwa na unyevu, na hakuna anayekiri kuutumia. Baada ya miezi michache mwenye mkasi anasema aliuziwa mkasi mbovu. Wakati mwingine ni kweli, nasi tutalifikia jambo hilo. Hata hivyo, mikasi mingi inayotupwa haikuwa mibovu iliponunuliwa, wala haikuchakaa kwa kukata nguo. Iliharibiwa na kazi isiyo yake, na unyevu, na kuanguka, na mara nyingine na mkono wa yule aliyeombwa kuinoa.

Hasara yake haiishii kwenye bei ya mkasi. Doti ya kanga huuzwa ikiwa vipande viwili vilivyoungana, na mkasi ndio unaovitenganisha kabla ya kila kimoja kupindwa. Mwandishi wa somo hili alilelewa na mama aliyeshona nyumbani, na anaikumbuka vyema doti moja iliyoletwa na jirani kwa ajili ya sare ya harusi. Siku chache kabla, mkasi wa mama ulikuwa umekatia waya wa ua. Aliyeukatia ni huyu anayeandika, naye hakusema. Ulipofika katikati ya kitambaa ulikwama ukaanza kutafuna, na ulipolazimishwa ukaacha njia na kupasua pindo kwa urefu wa kiganja. Kanga za toleo lile zilikuwa zimekwisha madukani. Mama alilipa thamani ya doti ambayo fedha yake haikuweza tena kuipata, na jirani alikwenda harusini akiwa amevaa tofauti na wenzake.

Mkasi ni jozi

Kisu ni ubapa mmoja. Mkasi ni bapa mbili zinazotegemeana, na asiyelielewa hilo atauharibu hata kwa nia njema.

Chukua mkasi unaokata vizuri, ufunge, kisha uinue usawa wa macho ukiuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Utaona upenyo mwembamba katikati ya bapa: zinagusana karibu na skrubu na kwenye ncha tu. Wanunuzi wengi huudhani upenyo huo kuwa kasoro, na wako waliochukua nyundo ili kuuziba. Upenyo huo umewekwa makusudi. Kila ubapa umepindwa kidogo sana kuelekea mwenzake, na upande wake wa ndani umechongwa ukawa na mbonyeo mdogo, ili mkasi unapofungwa bapa zigusane mahali pamoja tu, penye nukta inayosafiri kutoka kwenye skrubu hadi kwenye ncha. Nguo hukatwa katika nukta hiyo. Bapa zikinyooshwa, nukta hupotea, na mkasi wenye makali ya wembe utashindwa kukata hata bitana.

Mjini Sheffield, Uingereza, ambako mikasi imetengenezwa kwa karne nyingi, kazi ya kuoanisha bapa mbili ina mafundi wake maalumu. Huzigonga, huzijaribu, huzigonga tena, mpaka zisikilizane. Ujuzi huo huchukua miaka kuupata. Kwa hiyo nyundo ya nyumbani na ikae mbali. Kwa sababu hiyo hiyo, ubapa wa mkasi mmoja haufai kuunganishwa na wa mkasi mwingine, hata kama yote miwili ni ya chapa moja na ukubwa mmoja.

Kazi isiyo yake

Watu huambiwa wasikate karatasi kwa mkasi wa nguo, lakini ni nadra kuelezwa kwa nini. Karatasi nyingi hutiwa madini laini, kama vile udongo mweupe wa kaolini na unga wa chokaa, ili ziwe nyeupe na zishike wino vizuri. Chembe za madini hayo husugua makali kidogo kidogo kila mkasi unapopita. Karatasi moja haitaua mkasi, na hakuna haja ya kugombana na mtoto kwa ajili ya bahasha moja. Mazoea ndiyo yanayoua: ruwaza za karatasi kila juma, maboksi, daftari.

Adui wa ghafla ni pini. Mshonaji anayekata kitambaa kilichobanwa kwa pini anaweza kutia pengo katika makali kwa mkato mmoja, na pengo hilo litanasa kila uzi utakaopita hapo baadaye. Pini zichomwe mbali na mstari wa kukatia, au kitambaa kishikiliwe kwa vitu vizito vilivyowekwa juu yake. Waya hufanya vivyo hivyo, na kwa ukali zaidi.

Utepe wa gundi hauleti pengo, ila huacha utando unaofanya nguo iganda kwenye bapa. Utando huo hutoka kwa kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo. Usiukwangue kwa kisu.

Kukataza peke yake hakutoshi. Katika nyumba yenye mkasi mmoja, marufuku hayamalizi juma. Nunua mkasi wa pili wa bei ndogo kwa ajili ya karatasi, paketi na kamba, uutundike mahali ambapo kila mtu anaufikia, kisha ufunge kipande cha kitenge kwenye kishikio cha mkasi wa nguo ili asiwepo wa kusema hakuutambua. Fedha ya mkasi huo wa pili haipotei.

Unyevu, chumvi na jasho

Wakazi wa Tanga, Unguja, Mombasa na miji mingine ya pwani wanajua jinsi chuma kinavyoshika kutu hata ndani ya kabati. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na jasho la kiganja huongeza nyingine. Mkasi wa chuma cha pua cha kawaida ukiachwa bila kufutwa huanza kuonyesha madoa upesi. Hata ule unaouzwa kwa jina la chuma kisichoshika kutu unaweza kupata madoa penye chumvi; jina hilo huahidi zaidi ya linavyotimiza.

Dawa ni ya dakika mbili. Baada ya kazi, futa bapa zote mbili kwa kitambaa kikavu cha pamba, ukianzia kwenye skrubu kuelekea kwenye ncha, huku mgongo wa ubapa ukiwa ndio unaoelekea kiganjani. Toa vumbi la nyuzi lililojikusanya kuzunguka skrubu, maana hufyonza unyevu na kuushikilia pale pale. Kwa anayeshona kila siku, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo mara moja kwa juma linatosha. Fungua na kufunga mkasi mara kadhaa ili mafuta yaingie, futa yaliyozidi, kisha kata kitambaa chakavu mara mbili au tatu. Usiiruke hatua hii ya mwisho, usije ukatia doa la mafuta kwenye hariri ya mteja.

Mafuta ya kupikia hayafai. Ya alizeti hugeuka gundi kadiri siku zinavyopita. Ya nazi huchacha na kuganda wakati wa baridi. Mafuta ya taa hulegeza kiungo kilichokwama, lakini hayakilindi. Ukiyatumia, yafute kabisa kisha utie ya cherehani.

Hifadhi mkasi ukiwa umefungwa, ndani ya ala ya kitambaa kizito unayoweza kuishona mwenyewe kwa masalio ya jinzi. Mfuko wa plastiki huonekana kuwa kinga nzuri, kumbe hufungia unyevu ndani. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyopatikana katika maboksi ya viatu hunyonya unyevu. Kimoja ndani ya droo kinasaidia, maadamu watoto hawakifikii. Mkasi wenyewe pia uwekwe mbali na watoto, na unapomkabidhi mtu mwingine mpe upande wa vishikio huku bapa zikiwa zimefungwa.

Kutu nyepesi huondolewa kwa sufi laini ya chuma iliyotiwa mafuta, ukisugua kwa kufuata urefu wa ubapa na kuyaepuka makali. Wapo wanaotumia ndimu. Ni kweli kwamba asidi yake hula kutu, lakini ikiisha kula kutu huendelea kula chuma, kwa hiyo hatuipendekezi.

Kuanguka

Mkasi unaoanguka sakafuni aghalabu hutua kwa ncha. Ncha zikipinda hata kwa unene wa unywele, hupishana au hugongana, na mkasi hukata vizuri mpaka karibu na mwisho kisha hukwama. Weka mkasi katikati ya meza, ukingo wa meza si mahali pake, wala mapajani usiuache unapoinuka.

Kabla ya kumwita mnoaji

Mkasi unaotafuna nguo si lazima uwe butu. Jaribu kwanza skrubu. Fungua mkasi, ushike kwa kishikio kimoja, kisha uachie kingine. Kinapaswa kuteremka polepole na kusimama kabla mkasi haujafunga. Kikianguka kwa kishindo, skrubu imelegea. Ikaze kidogo kidogo kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, robo ya mzunguko au pungufu, huku ukijaribu kila mara. Ikikazwa mno, kidole gumba kitachoka na bapa zitakwanguana.

Halafu kata kipande cha bitana laini, polepole, kutoka kwenye kiungo hadi kwenye ncha. Kikitafunwa njia nzima ilhali skrubu iko sawa, makali yamekwisha. Kikinasa mahali pamoja, pana pengo. Kikikwama kwenye ncha tu, kumbuka ni nani aliyeuangusha.

Kunoa

Kuna njia za nyumbani ambazo kila mtu ameziona: kufanya kama unayekata shingo ya chupa, kukata msasa, kukata karatasi ya alumini. Njia hizi huondoa vinyweleo vya chuma vilivyopinda kwenye makali, kwa hiyo mkasi huonekana kupona kwa siku mbili tatu. Lakini hazilirejeshi umbo la makali, na msasa pamoja na chupa huyaviringisha zaidi. Kwa mkasi wa karatasi, fanya upendavyo. Kwa mkasi wa nguo, tafuta fundi.

Fundi anayepita mtaani na jiwe lake linalozungushwa kwa pedali ya baiskeli amezinusuru nyumba nyingi, nasi hatuna nia ya kumharibia riziki. Lakini wengi wao hunoa visu zaidi kuliko mikasi, na vifaa hivi havinolewi kwa namna moja. Kisu hunolewa pande zote mbili. Ubapa wa mkasi hunolewa upande wa nje tu, penye ukingo wa mshazari, kwa kuufuata mshazari ule ule uliotoka kiwandani. Upande wa ndani ukipitishwa kwenye jiwe, ule mbonyeo tuliouona kwenye mwanga wa dirisha hufutika, na kwa kawaida hakuna tena fundi wa karibu wa kuurudisha.

Sema mapema, kabla jiwe halijaanza kuzunguka: “Fundi, naomba unoe mshazari wa nje tu, ndani usiguse.” Mwombe pia anoe bapa zote mbili, aondoe chuma kidogo, na achovye kwenye maji mara kwa mara. Chuma kikipata moto hadi kugeuka rangi ya buluu, kimepoteza ugumu wake, na makali yatakayotoka hapo hayatadumu. Kama hujawahi kufanya kazi naye, mpe kwanza ule mkasi wa karatasi, na mpatane bei kabla ya kazi.

Wakati wa kununua

Kwa matumizi ya nyumbani, mkasi wa inchi 8 unatosha. Anayekata vitenge vya yadi sita kila siku ataona nafuu ya inchi 10. Chagua wenye vishikio vilivyoinuliwa, ili ubapa wa chini ulale juu ya meza bila kukinyanyua kitambaa. Tazama kiungo: penye skrubu panaweza kukazwa, lakini penye ribiti pakilegea hapana tiba rahisi. Anayetumia mkono wa kushoto aulize mkasi uliotengenezwa kwa mkono huo. Ni adimu madukani, lakini mkasi wa kawaida katika mkono wa kushoto husukuma bapa zitengane, na kosa huwa si la mshonaji.

Nenda dukani na kitambaa chako, chepesi na kizito, ukikate mbele ya muuzaji mpaka kwenye ncha. Usiridhishwe na chapa peke yake. Jina Solingen, kwa mfano, limelindwa kisheria nchini Ujerumani tangu mwaka 1938 kwa ajili ya vifaa vya makali vinavyotengenezwa katika eneo hilo, lakini kulipiga muhuri kwenye chuma hafifu ni kazi ndogo kwa mghushi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa au mahali ilikotoka, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Dai risiti inayotaja bidhaa kwa jina, uitunze pamoja na kifungashio, na kama kasoro ikijitokeza, rudi dukani mapema kabla hujaupeleka mkasi kwa mnoaji, kwa maana mkasi uliokwisha kupita kwenye jiwe ni vigumu kuthibitisha ulivyokuwa. Beba risiti, mkasi, na kile kipande cha kitambaa kilichotafunwa.