Mwili Ukipiga Kelele, Nani Asikizwe Kwanza?

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi. Nataka tusome kidogo juu ya vihisi, yaani vile vidude vinavyobandikwa mwilini mwa mgonjwa vikapima joto, mapigo ya moyo au oksijeni ya damu, kisha vikapeleka data kwa mawimbi ya redio, bila nyaya.

Jambo hili lilinishika likizo ya Agosti, nyanya alipolazwa. Mashine yake ilikuwa ya nyaya, nayo ililia ti-ti-ti mara kwa mara, hata waya ukiteleza tu. Muuguzi alikuwa mmoja, wagonjwa wengi. Mwishowe hakuna aliyegeuka tena. Mimi nilikaa pale roho mkononi. Je, ikilia ya kweli, nani atajua?

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wa Fizikia. Alinieleza kwamba vihisi vyote vya mgonjwa huzungumza na kituo kimoja kidogo, labda kimefungwa kiunoni, nacho ndicho hupeleka habari kwa tarakilishi ya daktari. Viwili vikisema pamoja, data hugongana, zikatumwa upya, na betri ikaisha bure. Ni kama sisi Kidato cha Tatu tukiulizwa swali rahisi: "Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!" Hakuna anayesikika. (Tena mwili una maji mengi, na maji humeza mawimbi. Nyanya akilalia kidude, sauti yake hufifia.)

Basi mbona visipewe zamu sawasawa? Tupige hesabu. Tuseme kihisi cha joto kinapima mara moja kwa dakika, biti 12. Cha umeme wa moyo kinapima mara 250 kwa sekunde, kila kipimo biti 12. Hizo ni biti 3,000 kwa sekunde, au 180,000 kwa dakika. Mara 15,000 ya joto! Ukigawa zamu sawa, joto litakaa kimya kwenye nafasi yake huku moyo unakatizwa katikati ya sentensi.

Na hata moyo wenyewe hausemi kiasi kimoja. Mgonjwa akiwa salama, kihisi chaweza kutuma idadi ya mapigo tu, ili kuokoa betri. Mapigo yakivurugika, daktari anataka mchoro mzima, papo hapo. Yaani msongamano huja saa ile ile ya hatari, wakati oksijeni nayo labda inashuka na kihisi chake kinataka kusema. Zamu zilizopangwa asubuhi hazifai tena. Lazima kituo kizipange upya kadiri mwili unavyobadilika: kipunguzie joto, kiongezee moyo, na kikiona foleni ya kihisi fulani inarefuka, kikipe nafasi zaidi kabla data hazijamwagika.

Wahandisi wa shirika la IEEE la Marekani walitoa kanuni za mitandao hii mwaka wa 2012, namba 802.15.6. Humo data zina ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7. Ngazi ya 7 ni ya dharura, na kuna kipindi kinachoweza kutengwa ambamo hiyo pekee ndiyo huruhusiwa kugombea nafasi. Wengine wote wanyamaze. Mimi hapo nilifurahi sana.

Nyanya alirudi nyumbani baada ya siku nne. Nilipomweleza, alinitazama akauliza: "Na ule waya ulioteleza, mjukuu wangu, ungepewa ngazi gani?" Aisee! Nilirudi kwa mwalimu mbio. Jibu lake ni kwamba kituo kisiamini kihisi kimoja. Kidude cha oksijeni kidoleni nacho huona mapigo ya damu. Kifua kikisema moyo umesimama na kidole bado kinahesabu mapigo 72, yaelekea kilichoteleza ni cha kifuani. Hapo muuguzi aitwe aje akibandike upya, lakini si kwa ngazi ya 7.