Kukusanya Michoro ya Mifano Kabla ya Kubuni Jengo: Somo la Sanaa kwa Shule za Msingi za Ugogo

Mwambie mwanafunzi wa Darasa la Tano achore nyumba, naye aghalabu atachora sanduku lenye paa la pembetatu, mlango katikati na dirisha kila upande. Mchoro huo utaukuta Mpwapwa, utaukuta Bahi, na utaukuta hata kwa mtoto ambaye asubuhi ile ametoka katika tembe lisilo na pembetatu hata moja. Mtoto huyo hakuchora nyumba aliyoiona. Amechora alama ya nyumba, kama vile anavyoandika herufi. Macho anayo, lakini hajapata mtu wa kumtuma ayatumie.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kumtuma. Kazi tunayoipendekeza ni hii: darasa lipewe jengo la kubuni ambalo halipo kijijini, mathalani maktaba, na kila kikundi kichore picha ya jinsi jengo hilo litakavyoonekana. Hatuzungumzii ramani ya fundi yenye vipimo kamili. Tunazungumzia picha ya wazo. Wasanifu wa majengo huanza hivyo, na wasanii wanaobuni miji ya filamu huanza hivyo pia. Wote hao, kabla ya kubuni chochote, hukusanya rundo la picha na michoro ya vitu vilivyopo. Kwa hiyo tunashauri kwamba, ikiwa mwalimu ametenga vipindi sita kwa kazi hii, vinne viwe vya kutazama na kukusanya. Mwanachuo ataona kwamba huo ni upotevu wa wakati. Na ajaribu kwanza.

Mahali pa kuanzia katika nchi yetu hii ya kati ni tembe lenyewe, la kale la Wagogo, mahali ambapo bado limesimama. Kabla ya kwenda, mwalimu aende peke yake akaombe ruhusa, maana chumba cha ndani ni cha mama mwenye nyumba wala si mahali pa kundi la watoto arobaini kujimwaga. Siku ya ziara watoto wapige hodi, waamkie kwa heshima, “Mbukwenyi,” na wangoje kukaribishwa. Waingie watano watano. Wengine wabaki uani wakichora kuta za nje.

Waambiwe wachore nini? Hapo ndipo walimu wengi hukosea kwa kusema tu, “Choreni mnachokiona.” Mtoto aliyeambiwa hivyo atarudi na sanduku lile lile. Apewe maswali, na kila swali lijibiwe kwa mchoro mmoja mdogo katika karatasi yake. Paa limeshikwa na nini? Mtoto atakuta nguzo zenye panda zimechimbiwa ardhini, boriti zimelazwa juu ya panda hizo, juu yake fito zilizosongamana, kisha majani, na juu kabisa udongo uliokandamizwa. Na achore panda moja tu, kubwa, akionyesha jinsi boriti inavyokaa ndani yake. Mchoro huo mmoja una thamani kuliko picha kumi za nyumba nzima. Mlango una kimo gani? Apime kwa shubiri na dhiraa, kisha amchore mwenzake akiinama kuingia. Mwanga unaingilia wapi? Apake mkaa mahali penye giza, aache karatasi nyeupe mahali penye nuru. Paa lina kazi gani nyingine? Pengine ataona mtama umeanikwa juu yake, au vibuyu. Ng'ombe hulala wapi? Hapo atatambua kwamba vyumba vimejipanga kuzunguka ua, na kwamba ua huo ndio moyo wa kaya.

Majina nayo yakusanywe pamoja na michoro. Pembeni mwa kila sehemu mtoto aandike jina analolitaja mzee mwenye nyumba, kwa Kigogo, kama anavyolisikia. Tusikimbilie kumsahihisha kwa neno la Kiswahili. Kiswahili kitafuata darasani.

Baada ya kuchora, darasa liulize kwa nini. Uwanda wa Dodoma hupata mvua kama milimita 550 kwa mwaka, nayo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Paa bapa la udongo huvumilia mvua haba namna hiyo, na huzuia joto la mchana. Lipeleke paa hilo Tanga au Unguja, nalo litaloa na kuporomoka katika masika ya kwanza. Ndiyo maana watu wa pwani huezeka makuti kwa mteremko mkali ili maji yakimbie. Ufupi wa nyumba nao una sababu zake: upepo unaovuma bila kizuizi katika nchi tambarare, na uchache wa miti mirefu iliyonyooka. Mtoto akiyajua haya, hatachora tena paa kwa mazoea. Ataanza kujiuliza maji yatakwenda wapi.

Kutoka kijijini twende mjini, maana kubuni kwahitaji mifano zaidi ya mmoja. Shule iliyo karibu na Dodoma haina haja ya safari ndefu. Reli ya kati ilifika hapo mwaka 1910, na mji ukakua kando yake. Mwaka 1973 ukateuliwa kuwa makao makuu ya nchi, na ramani kuu ya mwaka 1976, iliyotayarishwa na kampuni ya wapangaji kutoka Toronto, Kanada, ilikusudia mji unaofuata umbo la ardhi, ambamo watu wangeweza kutembea kwa miguu. Yapo majengo ya Bunge, upo msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2010, yapo makanisa, yapo majengo ya Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007. Mwalimu achague mawili tu. Watoto wachore kwa maswali yale yale waliyokwenda nayo kijijini: kivuli, maji, mlango, nguzo. Majengo ya serikali yana walinzi wake na taratibu zake. Ruhusa iombwe kwa maandishi, na pasipochorwa pasichorwe.

Juu ya namna ya kunakili kwa uaminifu, tunao mfano mwema katika mkoa wetu wenyewe. Mwaka 1951 Mary Leakey alifanya kazi katika miamba ya Kolo na sehemu za jirani, Kondoa, ambayo kuta zake zina picha za kale za watu na wanyama. Aliweka karatasi angavu juu ya mwamba akafuatisha mistari iliyofifia, kisha akaichora upya kwa rangi. Kitabu chake chenye michoro hiyo kilitoka mwaka 1983, miaka zaidi ya thelathini baadaye, na eneo hilo likaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tunachopaswa kujifunza kwake ni subira ya kuweka mstari ulipo, hata kama haupendezi. Njia yake ya kugusa mwamba isiigwe na watoto. Wao wachore kwa kutazama kutoka mbali, na mtu yeyote asimwage maji juu ya picha ili rangi zing'ae, kwani desturi hiyo imekwisha kuziharibu nyingi.

Siku hizi mwanachuo atauliza: picha zipo katika simu, kwa nini tutembee? Simu isaidie, hatuikatai. Mwalimu anaweza kuonyesha nyumba za udongo za Mali au za Yemeni, ambazo watoto hawawezi kuzifikia. Lakini picha haisemi mlango una shubiri ngapi, wala haisemi ndani kuna ubaridi gani saa saba mchana. Tena picha za simu hufanana mno. Darasa likizitegemea, vikundi vyote vitabuni jengo moja.

Liko jambo jingine, nalo ni zito. Watoto wengine huona aibu kusema kwamba kwao ni tembe. Tangu operesheni za vijiji na kampeni za nyumba bora katika miaka ya 1970, tofali na bati vimekuwa dalili ya maendeleo, na tembe dalili ya kubaki nyuma. Hatudai kwamba watu warudi katika giza na moshi. Tembe lina kasoro zake, na watoto wazichore pia. Lakini mafundi wanaojua kulijenga ni wazee, na idadi yao hupungua. Mwalimu akimpeleka mtoto aliyetoka mjini kwenda kumwuliza babu wa mwenzake jinsi panda inavyochaguliwa, mwenzake huyo atatembea siku hiyo kichwa juu.

Kipindi cha tano, karatasi zote zitandazwe sakafuni. Zisipangwe kwa majengo, bali kwa maswali: mafungu ya mwanga, ya maji, ya kivuli, ya kuhifadhi. Hapo ndipo mawazo hukutana. Katika darasa moja tulilolitazama, msichana alilinganisha chumba cha ndani cha tembe, kunakowekwa nafaka mbali na jua na vumbi, na rafu za vitabu. Akachora maktaba yenye ua katikati, wasomaji barazani penye nuru, na vitabu ndani. Paa alilifanya la bati lenye mteremko mdogo kuelekea uani, na chini yake tangi la maji. Mistari yake haikunyooka. Tuliipa kazi hiyo alama ya juu, maana kila sehemu aliyoulizwa aliweza kuonyesha ni karatasi ipi sakafuni iliyomfundisha.

Alama zigawiwe hivyo hivyo: nusu kwa michoro iliyokusanywa, nusu kwa picha ya mwisho. Kisha karatasi zote zitiwe katika bahasha kubwa ya shule, kila moja ikiwa na jina la kijiji, tarehe, na jina la mchoraji. Darasa la mwaka unaofuata lianze kwa kuzifungua, halafu liende kutazama ni matembe mangapi kati ya hayo yangali yamesimama.