SOMO LA MAKATIBU: KUNUNUA MITAMBO YA MIKUTANO YA MBALI



Chama kinapotaka kununua mtambo wa kufanyia mikutano ya mbali kwa picha na sauti, Bodi huuliza bei kwanza. Tuitazame kampuni moja ya Marekani kabla ya kutia sahihi.

Mwaka 1984 Brian Hinman na Jeffrey Bernstein, wanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, pamoja na mwalimu wao David Staelin, walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa PictureTel. Kazi ilikuwa ngumu. Picha inayotembea hubeba habari nyingi mno, na njia ya simu ni nyembamba. Wakabuni namna ya kuibana picha, mtambo upeleke hasa yale yaliyobadilika. Ukuta wa chumba hausogei. Kwa nini usafirishwe upya kila sekunde?

Baadaye Hinman aliondoka, na mwaka 1990 akaanzisha Polycom pamoja na Jeffrey Rodman. Mwaka 2001 Polycom ikainunua PictureTel. Polycom nayo ilinunuliwa na Plantronics mwaka 2018, na mwaka 2022 HP ikainunua hiyo.

Mwanachama wa ushirika hupiga kura chama chake kinapotaka kuungana na kingine. Mteja wa kampuni hana kura. Basi mkataba utaje nani atatengeneza mtambo, vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi, na kama utaweza kuwasiliana na mitambo ya kampuni nyingine. Katibu ayaandike majibu hayo katika muhtasari wa kikao, yasibaki mdomoni mwa muuzaji.