JANI KAVU NI SHAHIDI WA WADUDU

Kila msimu wakulima wa Kibabii husema, "Mwaka huu wadudu wamezidi." Huenda ni kweli, lakini mtu husahau. Jani lililokaushwa halisahau.

Katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, iko hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa. Ilianzia Amani, Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kila mmea umebandikwa kwenye karatasi na kuandikwa mahali na tarehe ulipochumwa. Waliochuma walitaka kuijua mimea tu, lakini alama za wadudu nazo zilibaki majanini.

Huko Marekani wataalamu walichunguza majani ya namna hiyo ya miaka zaidi ya 100, wakaona kwamba ya karibuni yameliwa zaidi. Ulaya, kiwavi mmoja aharibuye miti ya mapambo alidhaniwa kuwa mgeni wa miaka ya 1980. Kumbe alikuwamo ndani ya majani yaliyochumwa Ugiriki mwaka 1879.

Je, sisi tutapata faida gani? Viwavijeshi wa kutoka Amerika walionekana Bungoma na Trans Nzoia mwaka 2017. Mkulima aliyeweka majani ya mahindi ya mwaka 2016 na ya 2018 angeweza kuonyesha tofauti kwa macho. Basi anza sasa:

1. Mahindi yafikapo magotini, pita shambani ukichume jani moja kila baada ya hatua 20, mpaka yapate 10. Usichague mazuri wala mabaya.

2. Yalaze kati ya magazeti, weka ubao na mawe juu. Badili magazeti kila siku mpaka yakauke.

3. Andika kwa penseli tarehe, shamba, aina ya mbegu na dawa uliyopiga.

4. Tia ndani ya debe lenye kifuniko, mahali pakavu, ili mende wasile ushahidi wako.

Angalia vizuri: tundu lililoliwa jani likiwa hai mara nyingi huwa na ukingo wa kahawia. Tundu lililoliwa jani likiwa limekwisha kauka halina ukingo huo, usilihesabu.

Majani haya si badala ya kukagua shamba. Ukiona viwavi leo, chukua hatua leo. Lakini ukiwa na majani ya misimu mitatu au minne, mwonyeshe Bwana Shamba. Hapo mtajua kama dawa mnayoinunua inasaidia, au fedha zinapotea bure.